Shahidi wa Kuridhika

Nchi hiyo haimo kwenye ramani za shuleni. Wenyewe wanaeleza kwamba iliondolewa kwa sababu za usalama, na kwamba raia mwema hahitaji ramani ili ajue yuko wapi. Ni nchi ya amani. Watu wake hawagombani, kwa kuwa ugomvi una fomu yake, na fomu ziliisha zamani.

Katika nchi hiyo simu zote za kupangusa hutengenezwa na Kampuni moja, ambayo jina lake ni Kampuni, na ndani ya kila simu mna kivinjari kimoja. Kivinjari, kwa asiyejua, ni ile alama unayoigusa ili uingie mtandaoni ukasome mambo. Cha kwao kiliitwa Mwangaza. Ukikigusa, kwanza inatokea picha ya Mkurugenzi Mkuu akicheka. Ukivumilia, unakuja ujumbe wa kukushukuru kwa kuchagua Mwangaza, ingawa hukuwa na kingine cha kuchagua. Ndipo ukurasa ulioutaka unaanza kushuka taratibu kutoka juu, na mara nyingi ukifika katikati unaona umeshuka vya kutosha, unakaa hapo hapo.

Watu hawakulalamika. Walizoea kujua nusu ya kwanza ya kila jambo. Mapishi waliyajua hadi pale pa kukaanga vitunguu. Katiba waliijua hadi sura ya haki. Sura za masharti walielezwa kwa mdomo siku walipokamatwa.

Ndipo Kampuni ikagundua kwamba wapo watu wanaofika mwisho wa ukurasa.

*

Mmoja wao alikuwa Nkwimba, mke wa Mzee Masunga, na tena huyo alikuwa haoni.

Mzee Masunga ndiye tunayemfuata katika habari hii, basi nimseme kidogo. Alikuwa mpima pamba kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, aliweka jiwe la kilo kumi juu ya mizani mbele ya wakulima wote waione, kisha akaondoa mikono na kuifumbata nyuma mgongoni kama mtu aliye mbele ya madhabahu. Wakulima walipita vituo viwili na punda zao ili wakapimiwe na yeye. Akisema arobaini na saba, hakuna aliyeinama kutazama. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na koti lake la kazi, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyemuuliza kitu chochote isipokuwa saa. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema, hata katika sala zake.

Nkwimba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ya Macho ilimwandika kwenye foleni ya upasuaji, na foleni hiyo ilitangazwa mtandaoni kila Jumatatu: majina kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila jina namba ya zamu. Aliyefikiwa aliandikiwa neno AJE. Asipoitika ndani ya siku tatu kwa kugusa jina lake, alirudishwa mwisho kabisa, na kutoka mwisho hadi mwanzo ilikuwa miaka miwili ukibahatika.

Angesomaje? Alisomewa na Sikio. Sikio kilikuwa kivinjari kingine, kilichotengenezwa na Lusinge, fundi simu wa pale gulioni, ambaye mama yake alikufa haoni. Kilifungua ukurasa wote hadi chini, halafu kikausoma kwa sauti. Sauti yenyewe Lusinge aliichukua kwa shangazi yake, kwa hiyo kilisoma kwa haraka na kwa kununa kidogo, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nkwimba alikipenda. Asubuhi kilimsomea Zaburi, na kila Jumatatu kilimsomea namba yake. Ilianza mia nne. Wakati habari hii inaanza ilikuwa kumi na tisa.

"Nikifumbuliwa macho," alimwambia mumewe, "cha kwanza nitatazama hilo koti lako. Watu wananiambia limechakaa, na wewe unaniambia zima."

*

Lusinge aliiandikia Serikali barua ya heshima. Aliomba simu zifunguliwe ili mtu aweke kivinjari anachokitaka. Hakuwa mkorofi, hata neno "tafadhali" lilikuwemo mara nne.

Serikali ilishtuka. Iliunda Tume ya Kudumu ya Muda ya Usalama wa Vivinjari, ikampa uenyekiti Mheshimiwa Ndelema, ambaye alikuwa hajawahi kushika simu ya kupangusa kwa kuwa wapo waliomshikia. Ikateua wajumbe, ikateua mlo wa wajumbe. Ikabaki Shahidi wa Kuridhika.

Hii ni desturi ya nchi ile, na wanaiheshimu kama wengine wanavyoheshimu mahari. Tume yoyote inapoketi, lazima asimame mtu mmoja wa kawaida, asiye na doa, aape mbele ya watu kwamba wananchi wameridhika. Bila yeye uamuzi hauna nguvu. Shahidi wa awali, mwalimu wa kwaya, alikuwa ametumika katika tume kumi na moja, lakini katika ile ya maji aliangua kicheko katikati ya kiapo na ikabidi apumzishwe.

Katibu wa Tume, Bibi Shoma, alifika nyumbani kwa Masunga saa nne asubuhi, akapewa kigoda, akakataa chai mara moja, akainywa. Nkwimba alikuwa kisimani na jirani yake. Bibi Shoma alifungua mkoba akatoa utepe mpana wa kijani wenye maandishi ya dhahabu, akauweka magotini pake bila kuutaja, kama mtu aliyesahau ameshika nini.

Alieleza kwamba nchi imetafuta mtu mkweli kila wilaya, na kila mlango waliobisha walitajiwa jina moja. Wakulima wa pamba mpaka leo wanaapa kwa mizani yake. Masunga aliinamisha kichwa. Miaka sita ilikuwa imepita bila mtu kumwambia maneno hayo, na aliyasikia yakiingia mwilini kama uji wa moto.

Alipewa karatasi asome atakachosema. Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Mama," alisema, "mke wangu anatumia hicho kingine. Hiki Sikio."

Bibi Shoma hakushangaa. Alisogeza kigoda.

"Nyumba ya shahidi haiguswi, baba. Sheria ni ya wengine."

Masunga alikaa na sentensi hiyo. Aliujua uzito wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alijua kabisa kwamba kuna watu wengine wasioona, kuna mabibi wengine wenye namba zao, na kwamba anaambiwa wao waachwe ila wake apitishwe. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuongeza kidole juu ya mizani, hata kwa gunia la kaka yake. Siku hiyo aliongeza. Alisema sawa.

Nkwimba aliporudi, alimwambia ameitwa na Serikali kusaidia mambo ya vipimo. Nkwimba alifurahi mpaka akaimba. Akamnyooshea shati lake jeupe kwa pasi ya mkaa, akipapasa mikunjo kwa vidole, na hakuliunguza.

*

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Msemaji wa Kampuni alizungumza kwa saa moja na nusu. Alisema Kampuni haiogopi ushindani, ila inawaonea huruma washindani. Alisema simu ni nyumba, na nyumba yenye milango mingi inamchanganya hata mwizi, na nchi inayojali haiwezi kukubali mtu yeyote achanganyikiwe. Makofi yakapigwa mahali palipoandikwa makofi.

Lusinge alipewa dakika mbili. Aliuliza, ikiwa nyumba ina mlango mmoja, na moto ukawaka hapo mlangoni, waliomo ndani watatokea wapi? Mheshimiwa Ndelema aliagiza swali lifutwe, kwa kuwa masuala ya moto yako chini ya wizara nyingine.

Ndipo akaitwa Mzee Masunga. Alivishwa utepe. Walipotaja kwamba alikuwa mpima pamba, watu wa nyuma walinyanyuka kumwona, na mama mmoja akasema kwa sauti, huyo hasemi uongo, alitupimia. Masunga alimsikia. Aliishika karatasi mbali na macho, akasoma.

"Mimi Masunga, mpima mstaafu, naapa mbele ya Mungu na mbele ya Tume. Mimi na nyumba yangu tumeridhika na Mwangaza. Nyumbani kwangu hakuna mtu mwenye haja ya kivinjari kingine."

Ukumbi ulitulia kama zamani kwenye kituo cha pamba, pale alipokuwa akitaja kilo. Wakaamini. Ndicho kilichokuwa kibaya, kwamba waliamini.

Mwenyekiti alimuuliza Lusinge kama ana swali kwa shahidi. Lusinge alisimama. Ni yeye aliyekiweka Sikio kwenye simu ya Nkwimba, kwa mkono wake, ameketi katika uwanja wa Masunga, na bakuli la uji alilomaliza siku hiyo Masunga mwenyewe ndiye aliyelipokea. Alikuwa na simu hiyo kwenye kumbukumbu zake, na tarehe. Angesema neno moja tu na shahidi angeanguka na utepe wake.

Alimtazama mzee kwa muda.

"Sina swali, Mheshimiwa," alisema. "Mzee huyu alimpimia baba yangu."

Akakaa. Masunga alitamani angetukanwa.

Uamuzi ulisomwa kabla ya mlo. Vivinjari vyote visivyo Mwangaza ni hatari kwa umma. Meza ya fundi Lusinge ifungwe kwa lakiri, na yeye apelekwe miezi mitatu kwenye Chuo cha Kuridhika, mkoa wa mbali, akapate mafunzo.

*

Masunga alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Nkwimba alikuwa uani akibambua karanga, simu mapajani. Sikio lilikuwa likisema. Masunga alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, maana aliitambua ile sauti ya shangazi yenye haraka, na maneno pia aliyatambua. "…mimi na nyumba yangu tumeridhika na Mwangaza. Nyumbani kwangu hakuna mtu mwenye haja…" Tume ilikuwa imeweka kumbukumbu zake mtandaoni siku ile ile, ikijua zinaishia katikati. Sikio lilizisoma hadi chini, pamoja na jina, wadhifa na saini.

Nkwimba hakuacha kubambua. Sikio lilipomaliza, alilizima, akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba Kabula? Nasikia miguu yako. Pole na kazi. Maji yako bafuni, yamepoa sasa."

Hakusema jingine, jioni yote. Masunga aliusubiri ugomvi kama mtu anayesubiri mvua ili apate sababu ya kuingia ndani. Haukuja. Aliandaliwa ugali, akakatiwa kipande kikubwa. Akaona ameelewa: mke wake ameumia hata hana maneno. Akavua utepe, akaufungia kwenye sanduku, na kila alipolipita sanduku lile alitazama pembeni.

Kesho yake Lusinge alipita kuaga kabla ya kupelekwa chuoni. Masunga alimwona tangu kwenye miti ya mibono ya barabarani. Aliingia chooni akafunga, akasimama humo akiwa na nguo zake zote, mpaka aliposikia yule fundi amemaliza kuzungumza na Nkwimba na nyayo zimekwenda. Mtu wa miaka sitini na tisa, mzee wa kanisa. Aliomba Mungu amsamehe, lakini aliomba akiwa amejificha, na sijui kama maombi ya namna hiyo yanafika.

*

Bibi Shoma hakusema uongo. Nyumba ya shahidi haikuguswa. Hakuna askari aliyekuja, hakuna aliyebisha hodi. Jumatano moja asubuhi, Sikio likiwa katikati ya Zaburi, simu ilijizima yenyewe, ikajiwasha yenyewe, na Sikio likawa halipo. Mahali pake palikuwa na picha ya Mkurugenzi Mkuu akicheka.

Jumatatu iliyotangulia namba ya Nkwimba ilikuwa tatu.

Masunga alisema si neno, yeye anaona, atamsomea. Jumatatu ilipofika alivaa miwani, akagusa Mwangaza, akashukuriwa, akangoja. Orodha ilishuka. Ilipita akina Abeli, ikapita akina Kulwa, ikaingia herufi ya M ikakaa humo muda mrefu. Jina la mwisho lilikuwa Mwita Gesora. Chini ya Mwita Gesora palikuwa peupe. Akapangusa, akapangusa tena. Akazima simu akaiwasha. Akapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba akaiinua juu. Mwita Gesora.

"Umeniona?" Nkwimba aliuliza kutoka chini.

"Bado wanapanga," alisema. Ukawa uongo wake mwingine, na huu hakuandikiwa na mtu.

Siku ya tatu alikwenda hospitali kwa miguu, kwa kuwa njia ilikuwa imeharibika, akafika baada ya saa ya kufunga. Akalala huko kwa binamu yake. Asubuhi karani nyuma ya kioo alimwambia kwa upole kwamba majina hayasomwi dirishani, kufanya hivyo ni kuvunja siri za wagonjwa. Yako mtandaoni, ambako kila mtu anayaona. Masunga alieleza kuhusu Mwita Gesora. Karani akamwonea huruma, akatazama daftari lake.

"Nkwimba aliandikiwa AJE Jumatatu. Hakuitika. Siku tatu ziliisha jana jioni, mzee. Sasa ni namba mia nane na sita."

"Mke wangu haoni, mwanangu."

"Wote walio kwenye orodha hii hawaoni," karani alisema. "Ndiyo maana tunaandika kwa herufi kubwa."

Alimwambia Nkwimba usiku huo huo aliporudi, kabla hajavua viatu. Alimwambia namba. Nkwimba akauliza kama barabara ilikuwa na matope.

*

Nchi nyingine, kwa wivu, zilianza kusema vibaya. Zilisema haiwezekani simu zote ziwe na kivinjari kimoja. Serikali ile ni sikivu mno ikisemwa na wageni. Miezi miwili haikupita ikatangaza Sikukuu ya Uhuru wa Kuchagua, na vivinjari kumi na viwili vikaruhusiwa kwa mpigo.

Vilikuwa vizuri kuvitazama. Kimoja cha bluu kiliitwa Upepo, kingine chekundu kiliitwa Tai. Kimoja, kwa matakwa ya sheria, kiliitwa Mshindani. Mtu yeyote aliruhusiwa kutengeneza kivinjari, sharti moja tu, kwamba ndani yake kwa sababu za usalama kiwe Mwangaza. Mwananchi akiwasha simu alitakiwa achague. Akichagua Mwangaza, alipongezwa. Akichagua kingine, simu ilimuuliza mara tatu kama anajisikia vizuri.

Tume ikaitishwa tena, na Bibi Shoma akaja tena, safari hii na utepe wa zambarau. Masunga alimkubalia haraka mpaka mama huyo akashangaa. Alikuwa ameshaamua. Asubuhi ya kikao alivaa soksi jozi mbili na fulana chini ya shati, maana alisikia kwamba mahabusu ni sakafu tupu. Hakumwambia Nkwimba kitu. Aliona hana uso wa kumwahidi neno lolote.

Ukumbini palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa, na juu yake simu kumi na mbili, kila moja na kivinjari chake. Mheshimiwa Ndelema aliitaja meza ile kuwa ni bustani ya demokrasia. Wimbo uliimbwa. Masunga akaitwa, akapewa karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

Aliomba ruhusa azione simu kwa karibu. Mwenyekiti alifurahi, akawaambia wapiga picha wasogee. Masunga akaanza upande wa kushoto. Aligusa ya kwanza akaandika anwani ya Hospitali ya Macho. Akaenda ya pili, ya tatu, hivyo hivyo hadi ya mwisho, kwa subira, kama alivyokuwa akiweka mawe kwenye mizani. Watu waliona ni sehemu ya sherehe. Kisha akarudi mwanzo akasoma kwa sauti jina la mwisho kwenye kila kioo.

"Mwita Gesora," alisema. Akasogea. "Mwita Gesora." Akasogea. Kufikia ya saba watu wa nyuma walikuwa wakisema pamoja naye, na Mwenyekiti akipiga makofi ya kufuatisha. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mshindani. "Mwita Gesora."

Akafumbata mikono nyuma mgongoni.

"Mheshimiwa, mimi kazi yangu ilikuwa mizani. Mizani zote hukosea, na kila moja ina kosa lake. Hii inakula robo, ile inazidisha nusu, nyingine ni nzima asubuhi na mgonjwa mchana. Nikiletewa mizani kumi na mbili, zote zikakosea robo ile ile, sina haja ya kuzifungua. Najua nimeletewa mizani moja, imepakwa rangi mara kumi na mbili."

Makofi yalipungua, yakabaki ya Mwenyekiti peke yake, halafu nayo yakakoma.

"Na siku ile ya kwanza niliposimama hapa, nilisema uongo. Mwenye haja ya kivinjari kingine alikuwa mke wangu. Jina lake liko hapo chini, hapo peupe. Niliambiwa nyumba yangu haitaguswa, nikaona hao wengine si kitu. Fundi Lusinge alijua, akanistahi. Mimi sijaridhika. Hata siku ile sikuwa nimeridhika."

Alinyoosha mikono mbele ili afungwe. Hakuna aliyekuja kumfunga.

Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa amekwama. Fomu ya Shahidi wa Kuridhika ina visanduku viwili tu, "Ameridhika" na "Ameridhika sana", na aliuliza kwa unyenyekevu aweke alama wapi. Wajumbe walinong'ona. Mmoja alishauri cha kwanza, kwa tahadhari. Bibi Shoma akakumbusha kwamba mara ya kwanza shahidi alisema sentensi tatu, na leo amesema nyingi, tena bila karatasi. Mwenyekiti akaona hoja hiyo ina uzito. Ikawekwa "sana".

Wakamvisha utepe, wakamshika mkono mmoja mmoja. Mama mmoja mlangoni alimwambia amesema vizuri sana kuhusu ile mizani, yeye mwenyewe amechagua cha bluu.

*

Gazeti la Tume lililetwa nyumbani siku mbili baadaye, bure, kama ilivyo haki ya shahidi. Nkwimba alisikia karatasi.

"Ni la kikao?"

"Ni la kikao."

"Nisomee. Soma kama lilivyoandikwa, usinitengenezee."

Masunga alivaa miwani. Alikuwa hajamsimulia lolote. Kila alipoanza, aliona anajisifu. Akasoma.

"'Shahidi, Mzee Masunga, aliithibitishia Tume kwa maneno mengi na kwa mfano wa kupendeza wa mizani kwamba ameridhika sana na vivinjari vyote kumi na viwili.'"

Nkwimba aliinua uso.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Sivyo. Nilisema sijaridhika. Nilisema kwamba nilidanganya."

Alimngojea aulize ushahidi, naye hakuwa nao. Lakini Nkwimba aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

"Na yale ya kwanza?" aliuliza. "Yale niliyoyasikia nikiwa na karanga. Kwamba nyumbani kwako hakuna mwenye haja."

Palikuwa na mengi ya kusema. Karatasi aliandikiwa. Bibi Shoma aliahidi. Utepe ulikuwa magotini pake.

"Yale nilisema," alisema Masunga. "Neno kwa neno."

Nkwimba alipapasa kanga yake, akapata upindo, akaushika.

"Mimi nilidhani ni Sikio limekosea," alisema. "Nilisema mume wangu ninamjua, hicho kidude kimemsingizia. Hata Lusinge alipokuja kuaga nilimgombeza. Nilimwambia mashine yako ina kasoro, inawapa watu maneno ambayo hawakuyasema."

Masunga alivua miwani.

"Akasemaje?"

"Akasema ni kweli, mama, ina kasoro. Akaniomba radhi."